Padri Jean Dubois, mgeni aliyejenga seminari mlimani



Mfratri anayeingia seminari anakuta vitu vyote tayari: kitanda, darasa, kikanisa, sahani ya chakula mezani. Mara chache anajiuliza nani aliyetafuta feza ya mabati, nani aliyekesha usiku na mawazo ya deni, nani aliyewaandikia wakubwa barua kumi mbele ya kupata jibu moja. Kazi ya rekta na ya prokureri haionekani sana. Tena si kazi ambayo kijana anaiota anapofikiri upadri. Anaota altare, mahubiri, safari za misioni. Haoti daftari la hesabu.

Kwa hiyo tumependa kuwaeleza leo maisha ya padri mmoja aliyetoka inchi yake kwa kukimbia, akajenga koleji na seminari katika inchi ya ugeni, akaiongoza miaka 18, kisha akaondolewa kazini mara mbili. Jina lake Jean Dubois. Huko Amerika walimwita John. Hatakosa kutufundisha neno, sisi tunaofundisha na ninyi mnaofundishwa.

I. KUTOKA PARIS

Jean Dubois alizaliwa Paris, mji mkubwa wa Ufaransa, tarehe 24 Agosti 1764. Alisoma katika koleji ya Louis-le-Grand, na kati ya wanafunzi wa siku zile walikuwamo Maximilien Robespierre na Camille Desmoulins, ambao baadaye walikuwa wakubwa wa mapinduzi ya Ufaransa. Madarasa yalikuwa yale yale, lakini njia zao ziliachana.

Dubois alipewa upadri mwaka wa 1787. Alikuwa na miaka 23 tu, chini ya umri uliotakiwa na sheria ya Eklezya, ikabidi apewe ruhusa ya pekee. Alitumwa katika parokya ya Saint-Sulpice, tena awe padri wa nyumba moja ya wagonjwa na wenye wazimu, ambamo Mabinti wa Mapendo wa Mtakatifu Vincent wa Paulo walitumika. Tulishike neno hili, maana litarudi mbele.

Mwaka wa 1789 mapinduzi yalianza. Mwaka uliofuata serikali ilitunga sheria mpya juu ya mapadri, ikawalazimisha kuapa kwamba wataishika. Wengi waliona kiapo kile kinawatenga na Baba Mtakatifu. Dubois hakuapa. Mwaka wa 1791 alikimbia kwa siri, na katika mwezi wa Agosti alishuka melini katika bandari ya Norfolk, inchi ya Virginia, Marekani. Mfukoni alikuwa na barua za Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyepigana upande wa Waamerika katika vita vya uhuru wao. Barua zile zilimfungulia milango. James Monroe, aliyekuwa Presidenti wa Marekani baadaye, alimpokea nyumbani mwake katika mji wa Richmond. Wanasimulia kwamba Patrick Henry, msemaji mkubwa wa siku zile, alimsaidia kujifunza Kiingereza.

Tuangalie jambo hili. Padri mwenye miaka 27, aliyesoma katika koleji ya kwanza ya Ufaransa, anarudi kuwa mwanafunzi wa lugha kama mtoto. Wenyeji wake wengi ni Waprotestanti, na Wakatoliki wa Richmond ni wachache sana. Kanisa hakuna. Walimpa ruhusa ya kusoma Misa katika nyumba ya baraza la serikali. Alifundisha Kifaransa ili apate chakula. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mbele ya mwenyeji kupona, mgeni mwenyewe lazima ajifunze kusikia.

II. KUPANDA MLIMANI

Mwaka wa 1794 Monsinyori John Carroll, askofu wa Baltimore, alimtuma Frederick, katika inchi ya Maryland. Kutoka pale alizunguka juu ya farasi kutafuta Wakristu waliotawanyika katika Maryland ya magaribi na katika sehemu za Virginia. Alijenga kanisa Frederick. Kisha, kaskazini kidogo, karibu na mji mdogo wa Emmitsburg, alinunua shamba chini ya mlima na kujenga kanisa juu ya mlima wenyewe, kwa jina la Bikira Maria. Huko, mwaka wa 1808, alianza shule katika nyumba ya magogo ya miti. Ndiyo Mount Saint Mary's, ambayo watu wake wanaiita tu Mlima. Mwaka ule ule Dubois aliingia katika shirika la Wasulpisi, mapadri ambao kazi yao ya pekee ni kulea mapadri.

Katika majira ya masika ya mwaka wa 1809, Wasulpisi waliwahamisha kwake wavulana 16 waliokuwa wakisoma Pigeon Hill, katika Pennsylvania. Katika mwezi wa Juni wa mwaka ule mwanamke mjane, Elizabeth Seton, mwongofu kutoka New York, alifika Emmitsburg na wenzake wachache kuanza shirika la masista. Nyumba yao ilikuwa haijawa tayari. Dubois aliwaachia nyumba yake ya magogo, akaenda kulala pengine.

Miaka miwili baadaye alifanywa mkubwa wa masista wale, na hapa lile neno la Paris linarudi. Masista walitaka kufuata kanuni ya Mabinti wa Mapendo, na kanuni ililetwa kutoka Ufaransa. Dubois alikuwa ameishi karibu na Mabinti wale katika nyumba ya wagonjwa, alijua namna wanavyotumika. Aliigeuza kanuni katika Kiingereza na kuitengeneza ilingane na hali ya Amerika. Kazi ile ndogo ya upadri wake wa kwanza, ambayo pengine hakuna aliyeisifu, ilikuwa imewekwa akiba na Mungu miaka ishirini. Elizabeth Seton alikufa mwaka wa 1821, na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1975.

III. NAMNA NYUMBA ILIVYOENDESHWA

Sasa tuingie katika hesabu. Seminari haina mali ya kuiza. Wanafunzi wengi wa upadri walikuwa maskini, watoto wa wakulima na wa wahamiaji. Nani atawalisha? Dubois alifanya hivi: alipokea pia wavulana wasiokuwa na wito wa upadri, hata watoto wa Waprotestanti, ambao wazazi wao waliweza kulipa. Feza yao ilisaidia kuwatunza mafratri. Tena hakuweza kuwalipa walimu wengi. Kwa hiyo mafratri wakubwa walisoma teolojia saa kadhaa, na saa nyingine waliwafundisha wadogo hesabu, Kilatini na lugha. Shamba lilitoa chakula. Deni lilijaza yaliyopunguka, na deni halikukoma.

Wakubwa wake wa Baltimore hawakupenda mpango huu. Walisema: seminari ni seminari, koleji ni koleji. Fratri anayefundisha mchana kutwa atasoma teolojia saa ngapi? Mara kadhaa walitaka teolojia ifungwe Mlimani, wanafunzi wapelekwe Baltimore. Tuseme kweli: lawama ile haikuwa ya bure. Fratri aliyechoka darasani hasomi vizuri. Lakini Dubois alijibu kwamba bila mpango ule vijana wale maskini wasingesoma kabisa. Shindano lile lilidumu miaka, na mwaka wa 1826 Mlima uliachana na Wasulpisi. Ukaendelea kwa njia yake, na mpaka leo ungaliko, chuo kikuu pamoja na seminari.

Pembeni mwake Mungu alimweka mtu wa namna nyingine, Padri Simon Bruté, Mfaransa kutoka Rennes, aliyepata udaktari mbele ya kuwa padri. Bruté alikuwa mtu wa vitabu na wa sala, kiongozi wa roho. Dubois alikuwa mtu wa ukuta, shamba na nidhamu. Hawakufanana hata kidogo, na nyumba iliwahitaji wote wawili. Bruté alikuwa baadaye askofu wa kwanza wa Vincennes, katika Indiana.

Kuna neno lingine la kusema, na tusingeandika kwa haki kama tungelificha. Katika Maryland sheria iliruhusu utumwa mpaka mwaka wa 1864. Mlimani pia, kama katika nyumba nyingi za Kikatoliki za pande zile, walitumika watu weusi waliokuwa watumwa. Sehemu ya mkate wa mafratri ilitoka katika jasho la watu ambao hawakuulizwa wala kulipwa. Dubois, aliyekimbia kwa ajili ya uhuru wa dhamiri yake, alikubali jambo hili kama desturi ya inchi. Majina yao hayakuandikwa ukutani. Tunapowaombea wajenzi wa nyumba ile, tuwaombee wao kwanza. Na sisi tuchunguze: ni desturi gani ya siku zetu ambayo hatuioni, kwa sababu inatupatia chakula?

IV. MTUNZA BUSTANI

Karibu na mwaka wa 1819 kijana mmoja kutoka Irlandi alikuja kubisha mlangoni. Jina lake John Hughes. Alizaliwa mwaka wa 1797, alifika Amerika mwaka wa 1817, akitumika kwa mikono. Masomo yake yalikatika kwa umaskini. Aliomba kuingia seminari. Dubois alimkatalia: nafasi hakuna, na maarifa yake hayatoshi. Alirudi tena, akakataliwa tena. Mwishoni Dubois alimpokea kama mtunza bustani, pamoja na ruhusa ya kujifunza kwa faragha wakati wa kazi unapokwisha. Wanasimulia kwamba Mama Seton ndiye aliyemwombea kwa Dubois. Mwaka wa 1820 Hughes alipokewa kama mwanafunzi wa kweli, na mwaka wa 1826 alipewa upadri katika Philadelphia.

Sisi tulio walimu, tusome habari hii polepole. Rekta alikuwa na sababu nzuri za kukataa. Vitanda vilijaa kweli, na kijana alikuwa nyuma kweli katika masomo. Lakini hakufunga mlango kabisa. Aliacha upenyo mdogo, wa jembe na kitabu, na kwa upenyo ule aliingia mtu atakayekuwa askofu wake mwenzake. Yeye hakujua. Hakuna rekta anayejua.

V. MOTO

Dubois alikuwa akijenga nyumba kubwa ya mawe, badala ya zile za magogo. Ilikuwa karibu kwisha. Siku ya Pentekoste, tarehe 6 Juni 1824, iliungua. Kazi ya miaka na feza ya deni ziligeuka majivu usiku mmoja. Wanasimulia kwamba wakati moto ulipokuwa bado unawaka, Dubois alianza kuwaeleza waliosimama karibu naye makosa ya jengo lile na namna atakavyojenga vizuri zaidi. Majirani walisaidia, na nyumba nyingine ilisimama.

Alikuwa na miaka karibu 60. Mtu angesema: sasa apumzike katika nyumba yake mpya. Lakini mwaka wa 1826 barua ilifika kutoka Roma. Baba Mtakatifu alimchagua kuwa askofu wa New York. Akauacha Mlima.

VI. "MGENI"

Dubois alipewa uaskofu Baltimore, tarehe 29 Oktoba 1826. Jimbo lake lilikuwa inchi yote ya New York pamoja na sehemu ya New Jersey, na mapadri walikuwa 18 tu. Meli kila mwaka zilileta wahamiaji wapya, zaidi Wairlandi. Na Wairlandi walikuwa wametumaini askofu wa kabila lao, Padri John Power, aliyeongoza jimbo nyuma ya kufa kwa askofu Connolly. Walipoona Mfaransa, walinung'unika: mgeni huyu, Kiingereza chake kina mlio wa Ufaransa, anatujulia wapi?

Askofu aliwajibu katika barua ya kichungaji. Aliwakumbusha kwamba yeye amekuwa raia wa Amerika tangu miaka mingi, na kwamba wanaomwita mgeni wamezaliwa wenyewe ng'ambo ya bahari. Jibu lilikuwa la haki, lakini halikuponya kidonda. Kanisa kubwa la New York lilikuwa mikononi mwa walei waliolinda mali yake, na kulipotokea shindano juu ya padri mmoja aliyesimamishwa, walitisha kumnyima askofu mshahara. Inasimuliwa kwamba aliwajibu hivi kwa maana: yeye ni mzee, mahitaji yake ni machache, anaweza kuishi chini ya nyumba au juu ya dari, lakini pahali popote atakapotokea, atabaki askofu wao.

Jambo alilolitaka zaidi ni seminari. Alikwenda Ulaya mwaka wa 1829 kuomba feza na mapadri. Mwaka wa 1833 alianza kujenga Nyack, kando ya mto Hudson. Nyumba ilipokaribia kwisha, iliungua. Moto wa pili! Alijaribu Brooklyn, haikuwezekana. Alifungua nyumba Lafargeville, mbali kaskazini. Ilikuwa mbali mno, haikudumu. Yule aliyefaulu mlimani na magogo ya miti, mjini hakufaulu. Tusitafute sababu ya kumwaibisha wala ya kumtetea. Mtu mmoja hapewi matunda yote.

VII. KUKABIDHI

Mwaka wa 1837 Roma ilimpa msaidizi mwenye haki ya kumrithi. Ni nani? John Hughes, mtunza bustani wa Mlimani. Tarehe 7 Januari 1838 Dubois alimwekea mikono. Majuma machache baadaye mzee alipooza kwa ugonjwa wa ghafula. Na mwaka wa 1839 Roma iliamua kwamba Hughes ashike uongozi wote wa jimbo, Dubois abaki na jina tu.

Neno lile lilimchoma. Hatukubali maisha ya watakatifu yanayoandikwa kana kwamba padri hana moyo wa nyama. Dubois aliuliza amekosa nini, na kati yake na Hughes kulikuwa na ubaridi. Lakini alitii. Hakukusanya watu wake, hakuandika magazetini, hakugawanya jimbo ambalo tayari liligawanyika. Alikaa miaka mitatu katika nyumba ile ile, akitazama mwingine akifanya kazi yake, tena akiifanya upesi na kwa nguvu. Mwaka wa 1841 Hughes alifungua koleji Fordham. Ile ambayo Dubois aliitafuta Nyack, Brooklyn na Lafargeville, mwanafunzi wake aliipata.

Dubois alikufa tarehe 20 Desemba 1842. Alizikwa mbele ya mlango mkubwa wa kanisa la zamani la Mtakatifu Patrisi, chini ya mawe ya njia. Wanasimulia kwamba alitaka mwenyewe hivyo, ili watu wamkanyage akiwa maiti kama walivyomkanyaga akiwa hai. Kama alisema kweli neno lile, lina uchungu ndani yake, na pia kicheko kidogo cha mzee.

Kisha matunda yalionekana. Hughes alikuwa askofu mkuu wa kwanza wa New York mwaka wa 1850, na mwaka wa 1858 alianza kujenga kanisa kubwa jipya la Mtakatifu Patrisi. Alikufa halijaisha. Aliyelimaliza mwaka wa 1879 ni John McCloskey, ambaye mwaka wa 1875 alikuwa kadinali wa kwanza wa Marekani. Naye pia alisoma Mlimani tangu utoto, na ni Dubois aliyempa upadri. John Purcell, askofu mkuu wa Cincinnati, alitoka Mlimani vilevile. Ndiyo sababu watu waliupa Mlima jina la utoto wa maaskofu, yaani kitanda cha kuwalea.

VIII. NA SISI?

Mtume Paulo alikwisha kueleza kwamba mmoja anapanda, mwingine ananywesha, na Mungu ndiye anayekuza. Tunalijua neno lile kwa kichwa. Ugumu ni kulikubali siku ambapo mwenye kunywesha anapewa heshima, na mpandaji anakaa chumbani, mgonjwa.

Ndugu mapadri mlio katika seminari na makoleji: kuta mnazojenga zinaweza kuungua, na moto hauombi ruhusa. Vijana mnaowalea ndio nyumba yenyewe. Kati yao mmoja, pengine yule mnayemwona mzito, atakalia kiti chenu mbele ya macho yenu. Mlee sasa kama mtu utakayemtii kesho.

Ndugu mafratri: rekta wenu ana mikunjo usoni ambayo hamjui imetoka katika daftari gani. Mwombeeni. Na anayekataliwa mara ya kwanza asikate tamaa upesi; pengine kuna bustani inayomngoja kwanza.

Ndugu makatekista: ninyi mnajua kuliko wengine wote kazi ya kupanda bila kuvuna. Mtoto mliyemfundisha ishara ya msalaba anarudi siku moja padri, na siku ya sikukuu yake mnapata nafasi nyuma ya kanisa. Msione haya kukaa pale. Mlangoni pa kanisa la zamani la New York analala askofu mmoja, na wote wanaoingia kusali wanapita juu yake.